Rangi ya Njaa

Mama yake Kidoti hakulia. Hilo ndilo lililomtia Kobe hofu kabla hata hajaketi. Mama wa mtu aliyepotea hulia, au hupiga kelele, au humkamata askari ukosi akamwuliza mshahara anaulia nini. Huyu alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, anazikunjua, anazikunja tena.

"Keti, mwanangu," alisema. "Usinisimamie kama mkuki."

Kobe aliketi. Alikuwa inspekta wa upelelezi, mtu mzima mwenye mvi za masikioni, na jina hilo la Kobe walimpa wenzake kituoni kwa sababu mbili: mwendo wake ulikuwa mzito, na penye hatari shingo yake ilirudi ndani ya kola kabla ya shingo ya mtu mwingine yeyote. Hakulikataa jina. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo alivyowajibu, na kweli alikuwa amewazika mashujaa wengi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa iliyopita, katika maabara ya utafiti wa saratani ya kongosho iliyo nyuma ya hospitali kuu, mtakwimu wa maabara alikutwa amekufa ndani ya chumba cha mitungi ya baridi. Tangu Ijumaa hiyohiyo mtafiti mwenzake, dada mmoja aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya doa jeusi juu ya mdomo wake, hakuonekana tena. Simu yake imezimwa. Leo ni Alhamisi. Kituoni nusu walisema Kidoti ndiye muuaji na yuko mbioni. Nusu walisema naye keshauawa, ametupwa mahali. Kobe hakuwa amechagua upande, maana pande zote mbili zilimtisha.

"Mama, mara ya mwisho alikuambia nini?"

"Ya kawaida. Aliniamkia, akanywa chai kwa kusimama, akasema, 'Mama, naenda kumlisha baba.'"

"Baba yake yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana." Mama alilikunja gauni moja kwa uangalifu mwingi. "Kwa ugonjwa uleule anaoutafiti mwanawe. Alianza kulalamika mgongo, tukasema uzee. Mara macho yakawa manjano. Kufumba na kufumbua, tumemzika."

Kobe alihisi vinyweleo vya mikono vikisimama. "Na binti anasema anakwenda kumlisha?"

"Siku moja anakwenda, siku moja anapumzika. Hata iwe sikukuu, hata awe na homa. Mimi nilinyamaza. Nilidhani huzuni imempanda kichwani, nikasema nikimkemea nitamvunja." Ndipo akainua macho. Yalikuwa makavu kabisa. "Niambie ukweli, mwanangu. Yu hai?"

"Sijui, mama."

"Basi nenda ukajue. Na usirudi hapa na pole. Pole nimepewa mwaka jana, zinanitosha. Niletee mtoto."

Nje, Kobe alimwita konstebo wake na kumwagiza aende makaburini, alitafute kaburi la baba mtu, aangalie kama kuna aliyekuwa akifika pale. Konstebo alimtazama kama mtu aliyeambiwa akale mchanga.

"Kaburini, afande? Kufanya nini?"

"Kuangalia kama marehemu analishwa."

Aliyasema kwa mzaha, lakini hakucheka. Mtoto anayekwenda kumlisha maiti anaweza kufanya lolote, na anaweza kufanyiwa lolote.

Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa na sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Polisi walikuwa wameiziba milango ya maabara ya upande wa ukumbi kwa utepe tangu Ijumaa, ila ofisi yake iliyo mwisho wa ukumbi walimwachia, na humo alimpokea Kobe kwa chai na biskuti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Umewahi kujiuliza, Inspekta, kwa nini jicho lako si kisigino?"

"Sijawahi, Profesa. Nina kazi nyingi."

Profesa alicheka. "Jeni ni zilezile. Seli ya jicho na seli ya kisigino zimebeba maagizo yaleyale. Tofauti ni taa. Huku zimewashwa hizi, kule zimewashwa zile, nyingine zote zimo gizani. Sasa saratani ya kongosho ni nyumba ambayo swichi moja imekwama. Taa haizimiki, na seli inaambiwa zaana, zaana, zaana. Mimi nimepata dawa inayoizima swichi ile. Wiki ijayo tunaanza kuwapa wagonjwa. Watu, Inspekta. Si panya."

"Hongera. Na kazi ya Kidoti ilikuwa ipi?"

"Kuijaribu dawa kwenye seli zilizotoka kwa mgonjwa mmoja. Lo, seli hizo! Ulafi wake sijapata kuuona. Ukizilisha leo, kesho kutwa sahani nyeupe. Ukizisahau, zinakufa zote. Yule binti alikuwa mtumwa wao." Alitabasamu, kisha akakumbuka kwamba mtu amepotea, akaliondoa tabasamu. "Alikuwa mwema. Ila siku za mwisho alibadilika. Aligombana na marehemu mtakwimu mbele za watu. Sipendi kumsema mtu asiyekuwepo."

Hapendi, lakini keshasema. Kobe aliliweka hilo pembeni pamoja na biskuti.

"Naomba kuona vyumba vyote."

"Katika kile cha kukuzia seli utakuta maiti za seli tu. Hakuna mkono ulioingia humo tangu Ijumaa. Lakini karibu, karibu. Sina cha kuficha."

Mwenye funguo alikuwa fundi wa friza na mitungi, jitu la mabega mapana ambalo kila mtu pale alilijua kwa jina la Barafu. Alikuja akiburuta miguu. Pete ya funguo ilining'inia mkononi, na jasho lilimtoka ilhali ukumbi ulikuwa wa baridi. Kobe alilitazama lile jasho. Mwenye funguo zote, anatoka jasho penye baridi: mpelelezi mwanagenzi angemtia pingu hapohapo.

Walianza na chumba alimofia mtakwimu. Kilikuwa chembamba, hakina dirisha, mitungi mikubwa ya bati imesimama pande zote mbili. Kobe alibaki kizingitini. Shingo ilikwisha kurudi ndani.

"Ingia, afande," Barafu alisema. "Saa hizi ni salama."

"Nakuona vizuri kutoka hapa. Niambie alikufaje."

"Kwa naitrojeni. Tunaitumia kuzigandisha seli, huwa ni kama maji yanayofuka moshi. Yenyewe ni hewa hiihii tunayoivuta, haina harufu, haina rangi. Lakini ikimwagika chumbani inaifukuza hewa inayotupa uhai. Na hubanwi kifua, afande. Hilo ndilo baya. Unavuta pumzi vizuri tu, kisha magoti yanakuacha."

"Inatokea wapi?"

"Bomba linatoka tangi kubwa la nje. Koki yake ile pale ukutani, ukumbini."

Kobe aligeuka. Gurudumu dogo jekundu, hatua chache kutoka mlango wa ofisi ya Profesa, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kulifikia.

"Na milango?"

"Miwili. Ule wa mbele unatokea uani, gari la mitungi linapopakua. Una springi, unajifunga wenyewe, na kitasa cha ndani tulikikuta kimeng'olewa. Huu tuliosimama unaingia chumba cha kukuzia seli. Una komeo, lakini komeo liko upande wetu huu. Marehemu alikuwa katikati."

Chini ya mlango wa uani, karibu kabisa na sakafu, rangi ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha. Kobe aliiona mikwaruzo ile siku ya kwanza, na tangu hapo alikuwa akilala na taa.

"King'ora cha hewa?"

"Kilichomolewa siku ile. Sasa mnacho ninyi. Mlikichukua kama kielelezo."

Kweli, kilikuwa kituoni ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati la Kobe mwenyewe. Hakulipenda wazo hilo, ila hakujua bado kwa nini halipendi.

Wakarudi kwenye chumba cha kukuzia seli. Pembeni lilisimama kabati la joto, kubwa kama jokofu. Profesa alilifungua yeye mwenyewe, kama mwenye nyumba anayefunua chungu. Ndani, nyuma ya kioo, zilipangwa chupa bapa za plastiki, kila moja na maji yake kidogo chini. Rafu ya juu ilikuwa ya marehemu mtakwimu, ambaye naye alikuwa na seli zake chache. Maji yake yalikuwa manjano, manjano ya mkojo wa mgonjwa. Rafu ya chini iliandikwa jina la Kidoti. Maji yake yalikuwa mekundu, wekundu laini wa ufizi wa mtoto, uliofifia kidogo tu.

Na Kobe, ndugu yangu, akauliza. Aliuliza kwa moyo safi, kama mtoto anavyouliza mbele ya wageni kwa nini shangazi ana ndevu.

"Mbona hizi nyekundu na zile manjano?"

Funguo zilianguka sakafuni. Barafu aliziokota, akatoka nazo ukumbini akiwa ameinamisha uso. Profesa hakugeuka kumtazama. Alikuwa anazitazama chupa.

"Ah," alisema, na sauti ilikuwa ileile ya kubembeleza. "Seli za Kidoti ni goigoi, Inspekta. Hula polepole. Chakula chake hakijawahi kubadilika rangi."

"Kumbe."

"Ndiyo hivyo."

Alilifunga kabati taratibu. Alipokuwa akipita kwenye mlango wa chumba cha mitungi alinyoosha mkono, akausukuma mlango, akatia komeo. "Usalama," alisema. "Hatutaki marehemu wa pili." Kisha akatazama saa yake, akakumbuka kwamba anangojewa kwenye simu, akamshika Kobe mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa ya baridi.

Kobe alishuka ngazi chache za barazani na kumpita askari wake wa lindo. Kuna kitu kilikuwa kinamtekenya kichwani na hakukishika. Alipofika uani simu ikalia. Ni konstebo, anahema.

"Afande, kaburi nimeliona. Magugu yamefika kiunoni. Hapa hajafika mtu miezi na miezi."

"Hakuna nyayo? Maua? Chakula?"

"Hakuna hata kunguru, afande. Kama baba mtu analishwa, halishwi hapa."

Halishwi hapa. Kobe alisimama katikati ya ua, jua linamchoma kisogo. Siku moja anakwenda, siku moja anapumzika. Ukizilisha leo, kesho kutwa sahani nyeupe. Seli zilizotoka kwa mgonjwa mmoja. Halafu sauti ileile, chai haijapoa: goigoi, hula polepole.

Walafi au goigoi? Mtu mmoja, seli zilezile, kauli mbili, na katikati ya kauli hizo mbili hakuna kilichotokea isipokuwa mlango wa kabati kufunguliwa.

Karakana ya Barafu ilikuwa upande wa pili wa ua, imejaa friza zilizokufa na milango ya friza isiyo na friza. Fundi alikuwa amesimama mlangoni kana kwamba anakizuia kitu kisitoke. Kobe aliingia bila hodi.

"Fundi, maji mekundu maana yake nini?"

"Afande, mimi ni wa mabomba. Mambo ya..."

"Maji mekundu maana yake nini?"

Barafu alijibu kwa sauti ya chini. "Kashiba."

"Na manjano?"

"Ana njaa. Seli zikikimaliza chakula zinakitia uchachu, rangi inageuka. Usipobadilisha, zinakufa."

"Kwa hiyo tangu Ijumaa, humo ndani ya utepe wangu, kuna mtu anazilisha seli za Kidoti na anaziacha za marehemu zife."

"Seli za mtu hazilishwi na mkono wa mwingine," Barafu alisema haraka, kama anayejibu swali la mtihani. "Ndiyo sheria ya kwanza hapa. Kila mtu na chupa yake ya chakula. Tone moja la seli za mwenzako likiingia kwako, zile zenye nguvu zinazila nyingine, na wewe utakaa mwaka mzima unachunguza kongosho kumbe unachunguza..." Alijiuma mdomo.

"Kumbe unachunguza nini?"

Barafu aliugeuza uso.

"Fundi, nitazame. Mimi si jasiri, kila mtu anajua. Nimekuja peke yangu na sina hata rungu. Yule binti yu hai. Mwenyewe kazilisha. Na anayemficha ni wewe, maana hakuna mwingine mwenye ufunguo wa mlango wa uani. Sitaki kumkamata. Mama yake ameniomba mtoto."

Jitu lile likaketi juu ya friza mbovu, likafunika uso. Maneno yalipoanza kutoka yalitoka kama bomba lililopasuka.

Seli ni za baba yake. Alizitoa mwenyewe alipokuwa hoi, akamwambia binti zitumie, labda zitamfaa mwingine. Seli za Profesa, zile zilizompa sifa, zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na za ugonjwa mwingine miaka mingi. Dawa ilizima swichi, kweli, lakini si swichi ya kongosho. Kidoti alipoijaribu kwa seli za baba yake taa haikuzimika. Iliwaka maradufu. Mgonjwa wa kongosho akimeza ile dawa, unamharakishia kaburi. Mtakwimu akayahakiki majibu, akaona kweli, wakakubaliana waende kwa Profesa pamoja. Waligombana juu ya nani aseme kwanza, basi. Mtakwimu akatangulia.

"Na akiba? Hawakugandisha nyingine?"

"Friza ya akiba ilizimwa Ijumaa hiyohiyo. Zote zimeyeyuka. Zilizobaki duniani ni zile chupa unazoziona. Wiki ijayo watu wanapewa dawa, afande, na ushahidi wote ni zile chupa."

"Kwa nini basi Profesa hakuzimwaga?"

"Angekata utepe wako? Angeacha alama? Ya nini, na njaa ingemfanyia kazi bure. Alichokuwa anangoja ni ziwe manjano."

"Na binti hakuja polisi kwa sababu..."

"Kwa sababu mliweka picha yake ukutani kama muuaji! Na kwa sababu kila akichungulia dirishani hapa anakuona wewe unakunywa chai na yule mtu." Barafu alifuta uso. Kisha akauliza, taratibu: "Afande. Ulipouliza ile rangi. Profesa aliziona chupa?"

Kobe alitazama ng'ambo ya ua, kwenye jengo la maabara.

"Aliziona."

"Zilikuwa zimefifia kidogo. Mtu wa kazi hii anasoma rangi kama saa. Zilikula juzi. Kwa hiyo leo..." Hakumaliza. Alisimama, akatazama nyuma ya friza, kwenye kona yenye godoro na kikombe na shuka iliyokunjwa vizuri. Hapakuwa na mtu. "Ametoka sasa hivi kwa mlango wa nyuma. Huwa anakwenda watu wakiwa kwenye chakula cha mchana. Anapitia mlango wa uani kwa ufunguo niliompa, anakatiza chumba cha mitungi, anaingia kwa seli. Ule mlango wa ndani mimi humwachia wazi, na akimaliza humfungulia ule wa uani kutoka nje."

"Ametia komeo," Kobe alisema. Hakuitambua sauti yake. "Mbele yangu. Nilimwona akitia komeo."

"Umemuua, afande."

Wenzake wa kituoni mpaka leo hawaamini kwamba Kobe alikimbia. Alikimbia. Alivuka ua, akapanda ngazi akishikilia ukuta, akampita askari wa lindo bila kumwambia kitu, na askari akamfuata kwa mshangao tu. Nyuma yake alimsikia Barafu akikata kona kwenda mlango wa uani, funguo zinalia. Aliogopa. Aliogopa kwa miguu, kwa meno, kwa mgongo mzima, na kila alichokiona machoni ilikuwa mikwaruzo ile ya chini.

Profesa alikuwa ukumbini. Amesimama mbele ya lile gurudumu jekundu, mkono juu yake, na bomba lote limeota ukungu mweupe wa baridi. Kitu kilikuwa kinavuma ndani ya ukuta.

"Inspekta! Afadhali umekuja. Nimesikia hewa inavuja, nilikuwa nafunga."

"Basi funga."

Profesa hakugeuza gurudumu.

"Funga, Profesa."

Mkono haukutoka na wala haukugeuka. Kobe alimgonga kwa bega, uzito wote wa kobe, na wote wawili wakaanguka. Askari wa lindo akamkalia yule mtu mwenye sauti nzuri, naye Kobe akalishika gurudumu. Liliunguza viganja kwa baridi. Aliligeuza mpaka mvumo ukakoma. Akaukata utepe wake mwenyewe kwa mikono, akaingia chumba cha seli, akavuta komeo.

Moshi mweupe ulimwagika miguuni pake, mzito, hauna harufu. Ng'ambo, mlango wa uani ulifunguka na mwanga wa mchana ukaingia, na Barafu akapiga ukelele kutoka nje.

"Usiingie! Subiri hewa itoke! Mtakuwa wawili!"

Kidoti alikuwa katikati ya mitungi, amelala kifudifudi, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlango aliokuwa akiachiwa wazi.

Subiri, alisema fundi. Na fundi alikuwa sahihi, kila aliye na akili angesubiri. Kobe alifikiri juu ya mama anayekunja nguo. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akafunga mdomo, akaingia.

Baridi ilimkata vifundo vya miguu. Alimshika binti kwapani, akaanza kumburuta kurudi nyuma kuelekea mwanga, na alikuwa mzito, mzito kuliko mtu. Kifua kikaanza kudai. Masikio yakalia. Kila kitu ndani yake kilimsihi avute pumzi moja tu, ndogo, na hewa ilionekana hewa kabisa, haina ubaya wowote. Hakuivuta. Kisigino kikagonga kizingiti, mikono mipana ya Barafu ikamkamata ukosi, na wote watatu wakaanguka kwenye sakafu ya ua.

Midomo ya Kidoti ilikuwa ya kijivu. Lile doa juu yake ndilo pekee lililokuwa na rangi. Barafu alimgeuza chali, akambana pua, akampulizia mdomoni, akasikiliza, akampulizia tena. Kobe alikaa chini, hajui hata afanye nini na mikono yake. Akatoa simu. Hakujua kwa nini. Labda alitaka tu kuwa na mtu. Akampigia mama.

Mama alipokea mara moja. Hakuuliza nani.

"Yu hai?"

Kobe alimtazama binti. Barafu alipuliza tena. Hapo kifua cha binti kikapanda chenyewe, kikashuka, kikapanda. Akakohoa, akakohoa tena kwa sauti mbaya kama mlango wenye kutu, na Kobe hajawahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo. Macho yakafunguka. Yaliona jua, yakamwona Barafu, yakamwona yule askari wa picha za ukutani, yakajaa hofu.

"Usiogope," Kobe alisema. "Keshakamatwa." Naye mwenyewe alikuwa bado anaogopa. Akainama, akaiweka simu sikioni mwa binti. "Mama yako."

Kidoti aliisikiliza pumzi ya mama yake kwa muda. Midomo ilitafuta njia.

"Mama," alisema. "Baba hajala."

Barafu alikuwa amekwisha kusimama. Alitazama chumba, akamtazama Kidoti, akasubiri ruhusa kama mtoto, maana sheria ya kwanza aliijua. Kidoti alimkubalia kwa kichwa.

"Nawa mikono kwanza," alimnong'oneza.

Na ndani ya simu, kwa mara ya kwanza tangu mzee wake alipozikwa, tangu Ijumaa, tangu zile nguo zilizokunjwa na kukunjuliwa, mama akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, bila haya, hata Kobe akaisikia kutoka pale alipokaa. Hakuiondoa simu. Aliishikilia hapohapo sikioni mwa binti mpaka mkono ukafa ganzi.